Mjomba na Themomita Tatu Zilizonuniana

Boksi langu la kutotolesha vifaranga lina balbu, thamostati ya kuiwasha na kuizima, bakuli la maji na themomita ambazo zimenuniana. Ya kioo inasema 39.5, ya dijitali ile yenye waya inasema 37, na zote ziko ndani ya boksi moja na mayai yaleyale jamani. Basi kila anayepita sebuleni anachungulia na kuchagua ya kuamini kama anapiga kura.

Kumbe sehemu ya ugomvi ni boksi lenyewe. Halina feni, hewa ya moto inapanda juu, ya baridi inabaki chini, sasa ya kioo ilikuwa inaning'inia jirani na balbu inaota moto wake peke yake, na ncha ya waya wa dijitali inayopima joto imelala sakafuni chini kabisa. Tukaziweka pamoja usawa wa mgongo wa mayai, maana boksi lisilo na feni linapimwa hapo na unatafuta kama nyuzi 38.3 mpaka 38.9, ile 37.5 inayosemwa kila mahali ni ya mashine zenye feni. Tofauti ikapungua lakini haikuisha.

Mke wangu akasema ngoja nikatishe ubishi, akaleta themomita ya homa, ile ya zebaki. Ikasoma 38.4! Furaha nyumba nzima. Asubuhi 38.4, jioni 38.4, nikasema hiki ndo kipimo sasa. Usiku umeme ukakatika hadi alfajiri, mayai yamepoa kabisa, nachungulia na tochi nakuta 38.4. Ile kitu ikishapanda haishuki mpaka uikung'ute, ndivyo ilivyotengenezwa ili daktari apate muda wa kusoma. Ilikuwa inatusimulia habari za juzi.

Hapo ndo akaingia mjomba. Akacheka sana. "Mwanangu, Misri ya zamani walitotolesha maelfu ya mayai kwenye matanuri na hawakuwa na hayo makorokoro yenu, fundi anashika yai anagusisha kwenye kope la jicho, basi." Na ni kweli, hilo hata mimi nilishalisoma, ngozi ya kope ni nyembamba inahisi haraka. Nikamwambia sawa mjomba ila ngoja nikuchagulie yai. Akasema yai ni yai.

Akachukua la pembeni, lenye kijasho cha rangi ya kahawia kwenye ganda. Mnaofuga mshajua. Lile lilikuwa viza, bakteria wameshaingia, gesi imejaa inasubiri sababu tu. Mjomba akafumba jicho, akalikandamiza taratibu kwa heshima zote, akaanza kusema "hili lina nyuzi thela—"

PAAA.

Sitaki hata kuielezea harufu. Mke wangu alitokea dirishani, mlango ulikuwa mbali. Mjomba kasimama palepale jicho limefumbwa, ganda kwenye nyusi, anauliza kwa sauti ya chini kabisa kama limeisha.

Tulipomaliza kufungua madirisha ndo nikakumbuka barafu. Unaiponda, unaijaza kwenye glasi, maji kidogo ya kuziba mianya, unakoroga na kuzamisha kipimo mpaka kitulie, kinatakiwa kusoma 0. Ya kioo ikasoma 0 safi, mzee wa watu tulikuwa tunamsingizia bure. Dijitali ikasoma 1.3 chini ya sifuri, bila aibu, na alama yake ya desimali. Ya homa haikuhusika maana inaanzia 35 kwenda juu. Nikaandika kwenye utepe "ongeza 1.3" nikaubandika kwenye dijitali, ingawa hiyo ni hesabu ya kwenye sifuri, huko kwenye 38 bado namsikiliza mzee wa kioo.

Vifaranga walitoka, wachache, na wa mwisho walichelewa sana, nadhani ni ile baridi ya usiku wa umeme kukatika. Mjomba anamwambia kila mtu wametoka kwa kipimo chake. Bado akija anapima kwa kope, ila siku hizi anagusisha yai akiwa amevaa miwani.