Filamu za besiboli: tumtafute mchezaji au mwigizaji?

Ray Liotta alipomwigiza Shoeless Joe Jackson kwenye Field of Dreams (1989), alishika gongo kwa kulia. Jackson mwenyewe, nyota wa Chicago White Sox aliyefungiwa maisha kwa kashfa ya kuuza fainali za 1919, alipiga kwa kushoto. Mashabiki wa besiboli wananung'unika hadi leo. Mwaka mmoja kabla, D.B. Sweeney alimwigiza Jackson huyohuyo kwenye Eight Men Out. Naye si wa kushoto, lakini alikwenda kujifua na timu ya ligi ndogo (ligi za kulipwa zilizo chini ya ligi kuu) huko Kenosha, Wisconsin, mpaka mkono ukakubali. Jasho lote hilo halikuinusuru filamu yake sokoni. Ile ya Liotta ikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora.

Basi wanaosema "leta mwigizaji, mpira atafundishwa" wana pa kusimamia. Ila upigaji unafichika: kamera inakata, mpira unaonekana tayari uko angani. Kurusha mpira kwa mpigaji, kazi ya mrushaji, ndiko kunakoumbua. Aliyerusha tangu utotoni, nyonga yake hugeuka kwanza, bega likafuata, mkono ukaja mwisho kama mjeledi. Asiyezoea husukuma mpira kwa kiwiko. Anthony Perkins, kwenye Fear Strikes Out (1957), aliigiza vizuri sana mchezaji aliyevurugikiwa akili, lakini mkono wake ulichekwa. Ni kama sisi tunapoona tangazo la televisheni lenye "mwanasoka" anayepiga mpira kwa dole gumba. Hata bidhaa yenyewe hatuikumbuki tena.

Ron Shelton aliyajua hayo. Kabla ya kuwa mwongozaji alicheza kwenye timu za chini za klabu ya Baltimore Orioles, akafika ngazi moja tu chini ya ligi kuu. Kevin Costner, aliyecheza besiboli sekondari, alimpeleka kwenye wavu wa mazoezi ya kupiga amwonyeshe anachoweza, kisha ndipo wakatengeneza Bull Durham (1988). Lakini Shelton huyohuyo akampa Tim Robbins nafasi ya mrushaji, na Robbins anarusha kwa viungo vilivyopogoka. Hapo ninamvulia kofia: mhusika ni kijana mwenye nguvu asiyejua mpira wake utaangukia wapi, kwa hiyo kasoro ya mwigizaji ikageuka tabia ya mhusika.

Upande wa pili, wa kumtumia mchezaji halisi, nao una mipaka yake. Jackie Robinson, Mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi kuu, alijiigiza mwenyewe kwenye filamu ya mwaka 1950. Akikimbia, huwezi kubandua macho. Akianza kuzungumza, unasikia mtu anayekariri. Na Kurt Russell, aliyecheza kwa malipo ligi ndogo mpaka alipoumia bega mwaka 1973, filamu kubwa ya michezo anayokumbukwa nayo ni Miracle (2004), akiwa kocha wa hoki ya barafu!

Mimi ningempa mwigizaji nafasi ya mhusika mkuu, ila kwenye kilima cha mrushaji, kile kituta anachorushia mpira, ningekuwa mkali. Filamu ya 42 (2013), inayomhusu Robinson huyohuyo, ilifanya karibu hivyo. Chadwick Boseman, aliyekulia kwenye mpira wa kikapu, alibeba uso na uchungu wa Robinson, na mchezaji wa zamani wa ligi ndogo akamsaidia kwenye vitendo vigumu. Aliyevaa jezi ya Dutch Leonard, mrushaji wa timu ya Phillies, ni C.J. Nitkowski, mtu aliyekwisha kurushia timu kadhaa za ligi kuu.