Mavuo yasiyokusudiwa: tuhesabu vichwa, si kilo

Kuhusu viumbe wanaonaswa bila kukusudiwa katika uvuvi mdogo wa pwani, watu wamegawanyika pande mbili. Upande wa kwanza unamtetea mvuvi mdogo: yeye hatupi kitu, kila kinachopanda chomboni huliwa au huuzwa. Takwimu zinauunga mkono. Tathmini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2005 ilikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya samaki wanaovuliwa duniani hurudishwa baharini, wengi wakiwa wamekufa, ilhali katika uvuvi mdogo kiwango hicho kilikuwa asilimia 3.7. Meli zinazokokota nyavu sakafuni kutafuta kambamiti ndizo zenye mzigo mkubwa. Upande wa pili unawatazama kasa, pomboo, nguva na papa wanaokufa kwenye nyavu za kutega, na unataka nyavu hizo zipigwe marufuku.

Pande zote mbili zina ukweli, ila zinapima vitu viwili tofauti. Kilo za waliotupwa hazionyeshi kasa aliyeliwa, na kasa aliyeliwa amekufa sawa na yule aliyetupwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Baja California Sur, Mexico, ulikadiria kwamba makundi mawili tu ya mashua ndogo yalikuwa yakiua angalau kasa duvi 1,000 kwa mwaka, idadi inayokaribiana na ile ya meli kubwa zinazovua bahari nzima ya Pasifiki ya Kaskazini. Kwa kilo, kasa hao ni sehemu ndogo ya mavuo. Kwa uhai wa jamii yao, ni pigo zito.

Nguva anaeleza jambo hili vizuri zaidi. Jike huzaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka mitatu hadi saba kabla ya kuzaa tena, na hata mahali penye majani tele na usalama kundi lao haliongezeki kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Penye nguva 100, basi, wakinaswa watano kwa mwaka kundi limesimama. Akiongezeka wa sita linaanza kupungua. Nguva watano kwa mwaka hakuna mvuvi mmoja atakayewaona wote. Kila chombo kitaripoti, kwa haki kabisa, kwamba tukio hilo ni nadra sana.

Kuna hoja nyingine ya upande wa kwanza ambayo haipewi uzito unaostahili. Mwaka 2012 kundi la wanasayansi, katika jarida la Science, lilipendekeza kwamba badala ya kuchagua aina chache na saizi kubwa pekee, uvuvi usambazwe kwa aina na saizi nyingi kulingana na kasi ya kila moja kuzaliana. Kwa mtazamo huo, mvuvi anayeleta nyumbani mchanganyiko wa samaki wadogo na wakubwa huenda anaidhuru bahari kidogo kuliko anayewamaliza wazazi wakubwa wa aina moja. Hoja ina nguvu, na inapaswa kuwafanya wanaopigania macho makubwa ya nyavu kila mahali wafikiri tena. Lakini ukiifuata hadi mwisho, haiwaokoi watetezi wa nyavu zinazoua kasa: kiumbe anayezaliana polepole kiasi hicho, fungu lake la kuvuliwa linakaribia sifuri. Kwa hiyo hoja za pande zote mbili zinaishia kwenye orodha ile ile fupi, yaani kasa, nguva, pomboo, na papa na nyenga (jamaa ya papa wenye mwili bapa) wakubwa. Juhudi zielekezwe hapo kabla ya kumsumbua mtu kwa ajili ya vidagaa.

Zana inayogusa orodha hiyo zaidi ni wavu wa kutega. Jicho la wavu huchagua samaki kwa unene wa mwili, lakini hilo ni kweli kwa wavu uliokazwa tu. Wavu ambao ukinyooshwa kabisa una mita 100, ukafungwa kwenye kamba ya mita 50, hubaki mlegevu na huzonga chochote chenye mapezi, makucha au pembe. Ukifungwa kwenye kamba ya mita 65, hukaza na hunasa zaidi kwa matamvua, yaani mashavu ya samaki. Mabadiliko haya hayahitaji kifaa kipya, ila kamba ndefu kidogo na subira wakati wa kuufunga. Hasara yake ni kwamba samaki wasio na mwili wa kunaswa kwa matamvua watapungua, na anayewategemea hao atakataa.

Muda wa kuacha wavu majini una uzito wake. Kasa na pomboo huvuta hewa; wavu uliolala usiku kucha bila kukaguliwa hauwaachii nafasi. Kasa anayepanda akiwa hajitikisi si lazima awe mfu. Alazwe kifudifudi, sehemu ya nyuma iinuliwe angalau sentimita 15 ili maji yatoke mapafuni, awekwe kivulini na kulowanishwa bila kuzibwa pua, na apewe hadi saa 24. Kumrudisha majini kabla hajapata nguvu ni kumzamisha mara ya pili.

Taa ndogo za kijani zinazofungwa kwenye kamba ya maboya, moja kila mita 10, zimeleta matumaini makubwa. Katika Ghuba ya Sechura, Peru, zilipunguza kasa walionaswa kwa karibu asilimia 64. Katika majaribio ya Baja California Sur yaliyochapishwa mwaka 2022, uzito wa viumbe wasiokusudiwa ulishuka kwa asilimia 63, na wa papa na nyenga kwa asilimia 95, huku samaki waliotafutwa wakibaki vile vile. Hapa tahadhari inahitajika. Kule Sechura samaki aliyetafutwa alikuwa wa ukoo huo huo wa papa na nyenga, na taa hazikumpunguza. Matokeo ya bahari moja hayahamishiki hadi nyingine bila kujaribiwa, na taa zisigawiwe pwani nzima kabla ya nyavu chache kulinganishwa, zenye taa na zisizo nazo, mahali pamoja na usiku mmoja.

Vifaa vya sauti vya kufukuza pomboo vina funzo kama hilo. Huko Argentina vilipunguza sana vifo vya pomboo, lakini simba wa bahari walijifunza kwamba mlio ule unamaanisha samaki walionaswa, wakazidi kuwaharibu.

Kwenye madema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, kazi ni nyepesi zaidi. Mwanya mwembamba uliosimama wima hupitisha samaki wachanga na wale wenye mwili bapa kama samaki aitwaye kipepeo. Majaribio ya Curaçao na Kenya yalionyesha wasiohitajika wakipungua bila mvuvi kupoteza thamani ya mavuo. Dema lifungwe pia mlango kwa uzi wa pamba unaooza, ili likipotea lisiendelee kuua.

Na marufuku? Mexico ilipiga marufuku ya kudumu nyavu za kutega mwaka 2017 katika makazi ya vaquita, jamaa mdogo wa pomboo anayeishi Ghuba ya California. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kwa mnyama aliyebaki kwa idadi ndogo hivyo hakuna taa ya kutosha. Hata hivyo nyavu ziliendelea kuingia, kwa sababu bei ya kibofu cha totoaba, samaki mkubwa wa ghuba hiyo, ilikuwa kubwa mno na zana mbadala hazikuwa mikononi mwa wavuvi. Marufuku bila zana mbadala huhamishia wavu usiku, ambako hakuna anayehesabu.

Linalobaki ni nani alipe. Wavu wa mita 500 unahitaji taa 50, na taa zenye betri mbili kila moja zinataka betri 100. Gharama za safari mara nyingi hukatwa kabla ya mgao, kwa hiyo mabaharia ndio wanaozihisi, ilhali wavu usiochanwa na kasa humfaidi mwenye wavu. Katika majaribio yale ya Mexico muda wa kupandisha na kunasua wavu ulipungua kwa asilimia 57, nafuu inayowaangukia mabaharia moja kwa moja. Mradi unaotaka taa zidumu baada ya wafadhili kuondoka uandike mapema kwamba taa na betri zinahesabiwa pamoja na wavu, upande wa mwenye chombo, wala si pamoja na mafuta.