Pointi 14, na nani anastahili kukaa kwenye kiti

Kocha wa basketiboli ya viti mwendo hufanya hesabu moja mchezo mzima: wachezaji watano uwanjani, jumla ya pointi zao isizidi 14. Hapa si pointi za magoli. Ni alama anayopewa kila mchezaji kabla ya mashindano, kuanzia 1.0 hadi 4.5, zikipanda kwa nusu. Kocha akikosea kubadilisha wachezaji na jumla ikafika 14.5, timu hupewa faulo ya kiufundi na kikosi hurekebishwa papo hapo.

Kinachopimwa ni kiwiliwili. Mchezaji wa 1.0 hana nguvu kuanzia kifuani kushuka. Akigongwa kidogo huyumba, na ili arudi wima lazima ashike gurudumu. Mpira ukipita juu yake huunyakua kwa mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania kiti. Wa 2.0 huinama mbele na kugeuka kwa kiasi. Wa 3.0 huinama mpaka miguuni na kuinuka bila kushika kitu, ila hawezi kuegemea ubavuni. Wa 4.0 huegemea upande mmoja vizuri na mwingine kwa shida, mathalani aliyekatwa mguu mmoja juu ya goti. Wa 4.5 huenda pande zote. Hata kiti hufuata alama: kuanzia 1.0 hadi 3.0 kimo cha kikalio kinaruhusiwa kufika sentimita 63, lakini kuanzia 3.5 mwisho ni 58.

Zamani kazi hii ilikuwa ya daktari na kitanda chake: pingili ipi ya uti wa mgongo imeumia, basi. Watu wawili wenye jeraha lilelile walicheza tofauti kabisa, na karatasi haikuliona hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mfumo aliouandaa Mjerumani Horst Strohkendl ukawahamishia waainishaji, yaani wanaotoa alama hizi, uwanjani, wakatazame mtu anavyosukuma kiti, anavyopasi na anavyogombea mpira unaorudi ringini. Mchezaji hupimwa pamoja na kiti chake na mikanda yake. Akiongeza mkanda kifuani baada ya kupimwa, kile kilichopimwa si kile kinachocheza, na alama yake haina maana tena. Anayejilegeza ili apate alama ndogo anaweza kufaulu mazoezini. Mechi ikichacha, mwili husahau kuigiza. Kwa hiyo uamuzi haukamiliki bila kumtazama kwenye mechi.

Januari 2020 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki (IPC) ililiambia shirikisho la mchezo huu, IWBF, kwamba halifuati Kanuni ya Uainishaji ya 2015. Wachezaji wote wa 4.0 na 4.5 waliotarajiwa kwenda kwenye Paralimpiki ya Tokyo wapimwe upya, la sivyo mchezo ungeondolewa Tokyo. Tena ukatolewa kwenye ratiba ya Paris 2024 mpaka shirikisho lijirekebishe. Kati ya walioanguka kwenye upimaji huo walikuwamo David Eng wa Kanada, bingwa wa London 2012 aliyebeba bendera ya nchi yake Rio 2016, na Mwingereza George Bates, mwenye maumivu sugu ya mguu. Maumivu hayakuwamo katika orodha ya aina kumi za ulemavu ambazo IPC ilizitambua wakati huo.

Hoja ya IPC ina uzito. Goti linalokataliwa kwenye riadha haliwezi kukubaliwa kwenye kikapu halafu yote mawili yakaitwa Paralimpiki. Pasipo kiwango cha chini cha ulemavu kinachopimika, nafasi za michezo hii zitajaa watu wenye majeraha ya kawaida ya wanamichezo. Nafasi ni chache, na zilitafutwa kwa ajili ya watu ambao hawana pengine pa kushindania.

Lakini upande wa pili una hesabu ambayo wakosoaji wengi hawaifanyi. Weka wachezaji wawili wa 4.5: umeshatumia 9, zimebaki 5 kwa watu watatu. Utalazimika kuweka, kwa mfano, 2.0, 2.0 na 1.0. Yaani mchezaji mwenye ulemavu mdogo hamfukuzi mwenye ulemavu mkubwa, humfanya atafutwe. Na goti lisiloweza kuruka wala kukimbia limeshamtoa mtu huyo kwenye basketiboli ya kawaida, hata kama anatembea hadi dukani.

Kwangu kiwango cha chini ni haki kiwepo. Nisichokikubali ni kukitumia kwa watu ambao shirikisho lenyewe liliwapima, likawapa alama na kuwaacha wacheze miaka mingi, kisha likawarudisha kwenye mlango wa kuingilia miezi michache kabla ya Michezo. Walistahili kipindi cha mpito, na sheria mpya ianze na wanaoingia.

Tena kelele zote za 4.5 zimefunika tundu lililo katikati. Wachezaji wanne wa 3.0 na mmoja wa 2.0 wanafanya 14 kamili. Ni kikosi halali, na hakina hata mchezaji mmoja wa 1.0. Anayetaka kuwalinda wenye ulemavu mkubwa aanzie hapo: sheria idai walau mchezaji mmoja wa 1.0 au 1.5 awe uwanjani muda wote.