Dyuki Aliyetuitishia Kikao cha Ukoo

Riwaya za mapenzi ya Uingereza ya kale ndizo ugonjwa wangu. Tena si Uingereza yoyote. Nataka ile ya 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu alipoharibikiwa akili, mwanawe akashika nchi kwa niaba yake, na waandishi wa riwaya wakakubaliana kwamba katika miaka hiyo hakuna aliyefanya kazi. Ni ngoma, chai na magari ya farasi. Mwanamume anamgusa binti kidole, tena ndani ya glavu, kitabu kimeshafika katikati, nami nakitupa kitandani kwa raha. Hizi za kisasa watu wanavuana nguo kabla hujawajua majina. Utamu uko wapi hapo?

Basi siku hiyo niko jikoni nakaanga maandazi, simu nimeibana baina ya sikio na bega, namhadithia shoga yangu wa Muheza nilipofikia. Sauti yangu mtaa mzima wa hapa Tanga wanaijua.

"Shoga, London imemharibu! Kamari kila usiku, madeni mpaka shingoni, na hawara kampangia nyumba. Sasa kampenda mtoto wa kasisi, miaka 19, walii wake hataki hata kusikia. Unajua wanafanyaje? Alfajiri wanatorokea Uskoti, wakafungishwe ndoa na mhunzi!"

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amekuja kuazima ungo. Ungo hakuuchukua.

Hapa niseme kwamba mdogo wangu wa kiume yuko London, masomoni. Ana mchumba Pangani, posa imekubaliwa, nusu ya mahari imeshapelekwa, na nusu ya pili tulikuwa tunaambiwa inakusanywa.

Baada ya magharibi nikaitwa kwa Baba Mkubwa. Viatu vimejaa barazani kama kuna hitma. Ndani wazee wako mkekani, mama analia, mshenga wa Pangani anajifuta jasho kwa kofia yake.

"Kaa, mwanangu," Baba Mkubwa akasema. "Si vibaya ulivyosema, ila ungeanza na sisi, si watu wa Muheza."

"Mhunzi!" Shangazi akadakia. "Hata sheikh hawakumtafuta! Mtu anafua majembe, anafungisha ndoa!"

Nikaelewa. Nikafungua mdomo nieleze, lakini simu ilikuwa imeshaita, imewekwa spika katikati ya mkeka. Mdogo wangu akapokea kwa shikamoo za mfululizo.

"Marahaba," Baba Mkubwa akajibu. "Sasa sikiliza. Tumeshajua yote."

Kule London kukawa kimya. Kisha: "Nani kawaambia?"

Mama akapiga ukelele. Mimi nikaufunga mdomo wangu. Jambo lenyewe lilikuwa limeanza kuninogea.

"Baba Mkubwa, nisamehe. Ile pikipiki nitaiuza."

Pikipiki! Kumbe nusu ya pili ya mahari ilishageuka pikipiki, anapelekea watu vyakula usiku.

"Na hawara?" akauliza Shangazi.

"Hawara gani?"

"Uliyempangia nyumba!"

"Shangazi, chumba chenyewe tunalala wanne. Nimpangie wapi?"

Hapo ndipo nikakimbia nyumbani kuleta kitabu. Jalada halikunisaidia: dyuki, yule bwana mwenye cheo cha juu kabisa kati ya wakubwa wa Uingereza, kasimama kifua wazi, shati limefunguka hadi kitovuni, na binti kamwangukia. Baba Mkubwa akageuza uso. Mshenga akakichukua akakitazama kwa muda mrefu, akasema ni kwa ajili ya ushahidi.

Basi nikahukumiwa niwaeleze riwaya yote. Baba Mkubwa ni karani mstaafu wa mahakama, akataka sheria ya mhunzi. Nikamweleza: sheria ya Uingereza ya 1753 ilikataza kijana wa chini ya miaka 21 kufunga ndoa kwa leseni bila idhini ya mzazi, lakini haikugusa Uskoti. Kule ilitosha kukiri mbele ya mashahidi. Ndiyo maana Gretna Green, kijiji cha mpakani tu, wahunzi wakapata biashara ya pili. Akatikisa kichwa kwa heshima. Mwanya wa sheria humfurahisha hata ukiwa wa makafiri.

Shangazi alikuwa na yake.

"Huyo dyuki anafanya kazi gani?"

"Hafanyi."

"Pesa za kamari?"

Kodi za wakulima wa mashamba yake, nikasema, na wakubwa wengi wa zama zile walikula pia sukari ya Jamaika na Barbados, iliyolimwa na watumwa. Biashara ya watumwa waliipiga marufuku 1807, utumwa wenyewe wakauacha uendelee mpaka sheria ya 1833. Kitabuni? Hakuna hata sentensi. Sukari inatokea tu kwenye kikombe.

"Mwandishi kaogopa," Shangazi akasema. "Angeiandika, nani angempenda bwana huyo?"

Sikuwa na jibu, na nimesoma vitabu hivi kuliko yeye. Na mahari? Nikamwambia kule mahari hutoka kwa baba wa binti, anapewa mume. Akainuka magoti. Nikaongeza kwamba akishaolewa, mali yake mwenyewe inakuwa ya mume, mpaka sheria ya 1882 ilipobadilisha.

"Toba! Analipa, ananyang'anywa, halafu ndiyo analia kwa furaha?"

Nami nilikuwa nimelia naye. Madyuki wenyewe, ukihesabu, nchi nzima hawakufika hamsini, tena wengi wazee. Riwayani kila kona yuko mmoja, kijana, ana mabega na meno yote.

Tangu siku hiyo Shangazi anakuja jioni na kahawa yake, nimsomee kwa Kiswahili changu cha papo kwa papo. Zile kurasa fulani naziruka, naye anajua naziruka, anauliza mbona karatasi zimekwenda mbili. Jana dyuki ameacha habari ya Uskoti, anataka leseni maalumu ya Askofu Mkuu wa Canterbury, inayomruhusu mtu kuoa siku yoyote na mahali popote.

"Bila mshenga?"

"Bila mshenga."

Shangazi akaweka kikombe chini, akataka kujua huyo Askofu naye anachukua shilingi ngapi.