Ng'ombe Aliyeua Seva

Najua hadithi ya seva yangu kufa mbele ya wafugaji mmeshaipata kwa yule jamaa. Stika yake pia nimeiona. Ila anaposema nilizimia, hiyo ni chumvi yake: nilikaa tu ghafla, na kiti hakikuwepo.

Wenzangu wa lugha ya programu ya C mnaijua aserti (assert). Unaapa kwamba jambo fulani ni kweli, programu ikikuta si kweli inajiua papo hapo. Toleo la mteja hujengwa na NDEBUG, swichi ya kuzima aserti, viapo vyote vinafutika. Mimi nilibeba la majaribio. (Nyamazeni, nimeshaambiwa.)

Ukumbi wa ushirika wa wafugaji, wazee wamejaa, projekta inawaka. Nikawaonyesha programu yangu ya kutafuta mifugo. Nikatafuta mbuzi, wakaja. Kuku, wakaja. Mwenyekiti akakohoa: "Kijana, kuku kwetu ni mboga. Tutafutie ng'ombe."

Nikabonyeza N. Nikabonyeza g. Nikabonyeza ile alama ya juu, mkono wala hautetemeki. Fomu ikaiongezea pacha wake kama SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, inavyodai, ikawa 'Ng''ombe', herufi 8 ukihesabu na alama mbili za katikati. Kichanganuzi, yaani kipande cha programu kinachosoma hayo maandishi, masikini, kikafanya kazi yake vizuri kabisa: kikazigeuza alama mbili kuwa moja, zikabaki 7. Hapo ndipo kilipokutana na kiapo changu cha usiku wa manane, kwamba urefu wa neno kabla na baada ya kuchanganuliwa lazima ulingane.

Seva ikakata roho kwa ishara namba 6 (SIGABRT), ile ya programu kujiua. Sawa, seva hufa. Tatizo ni kwamba aserti haifi kimya. Hutaja faili, mstari, na sharti lililovunjika neno kwa neno, pamoja na upuuzi wowote uliobandika humo ndani. Ukuta mzima ukajaa:

urefu == mwanzo && "haitokei; ikitokea naacha kazi nikachunge ng'ombe"

Katibu ni mwalimu mstaafu. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, na nukta-mkato akaitaja. Alipofika "nikachunge" akanyamaza, akanitazama juu ya miwani, kisha akamalizia.

Mwenyekiti akauliza kwa upole: "Mwanangu, unaanza lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko, mama mmoja akalia machozi. Nikafuta ule mstari, nikajenga upya palepale, nikajaribu na ng'onda kwa usalama, ng'ombe wote wakatoka. Mkataba tumepata. Ila muhtasari wa kikao umefika leo, na katibu ameniorodhesha chini ya "waombaji wa kazi ya uchungaji".