Nguruwe na Fungu la Kumi katika Sura Moja

Katika makanisa yetu mengi, bahasha ya fungu la kumi haikusanywi kabla ya kusomwa Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani", na asiyetoa huambiwa waziwazi kwamba anamwibia Mungu. Sina ugomvi na utoaji, maana mchungaji naye ana watoto wa kulisha. Ninachokikataa ni usomaji unaochomoa agizo moja la Torati na kuyaacha yaliyo jirani nalo.

Tufungue Kumbukumbu la Torati 14. Mstari wa 8 unakataza nguruwe, na bado waumini wengi (Wasabato nawaweka kando) hutoka ibadani wakaenda kula kitimoto bila wasiwasi wowote. Ukishuka hadi mstari wa 22 unaikuta zaka, nayo ni nafaka, divai na mafuta, ambavyo mkulima aliagizwa avile yeye na jamaa yake kwa furaha mbele za Bwana. Na kila mwaka wa tatu iliwekwa malangoni mwa mji, ili Mlawi, mtu wa kabila la Lawi lililohudumu hekaluni, asiyekuwa na urithi wa ardhi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Sijawahi kuona mjane akiitwa mbele ya kanisa ili achukue bahasha.

Ghala la Malaki nalo lilikuwa la chakula, na mstari wenyewe unasema hivyo. Nehemia 13 inaonyesha ghala kama hilo lilipokauka: Walawi walikosa posho zao, kila mmoja akakimbilia shambani kwake.

Hoja yenye uzito zaidi ya wanaodai fungu la kumi ni ya Ibrahimu, aliyempa Melkizedeki, mfalme na kuhani wa Salemu, sehemu ya kumi kabla Torati haijatolewa. Hata hivyo tohara nayo, kwa Mwanzo 17, ilianza na Ibrahimu huyohuyo, na mitume walipokutana Yerusalemu, katika Matendo 15, walikataa kuwatwika waamini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, mzigo huo. Kwa hiyo agizo kuitangulia Torati hakutoshi kulifanya sheria kwa Mkristo.

Paulo alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, alikuwa na kila sababu ya kumtaja Malaki. Hakumtaja, wala hakutaja asilimia. Aliwaandikia kwamba kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima".