Orodha ya vikundi si ripoti ya ruhusa

Mkaguzi aliuliza swali moja: ni nani kati ya wafanyakazi wenu anayeweza kubadilisha akaunti ya benki ya muuzaji, na huyohuyo akaidhinisha malipo? Akakabidhiwa ripoti ndefu iliyotolewa kwenye mfumo wa kompyuta, yenye jina la kila kikundi cha watumiaji wanaopewa ruhusa kwa pamoja, na majina ya waliomo. Fedha. Fedha Mpya. Manunuzi B. Wasimamizi wa Muda. Kilichoniudhi ni kwamba kikao kizima kiliona swali limejibiwa.

Halikujibiwa. Jina la kikundi halisemi kikundi kinaweza kufanya nini. Kikundi kinachoitwa "Wasomaji" kinaweza kuongezewa ruhusa ya kufuta na kikaendelea kuitwa hivyo miaka yote.

Tena ruhusa hujumlishwa. Katika mifumo mingi, aliye kwenye vikundi vitatu anapata ruhusa za vyote vitatu. Kimoja kinamruhusu kuhariri taarifa za wauzaji, kingine kuidhinisha malipo. Kagua kila kikundi peke yake, hutaona kosa. Hatari imo kwa mtu aliyemo katika vyote viwili. Ripoti iliyopangwa kwa vikundi inaficha kitu hichohicho tunachokitafuta. Na pale kikundi kinapowekwa ndani ya kikundi kingine, kama inavyoruhusu Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji, hata kuhesabu waliomo kwa macho hakuwezekani.

Ripoti ninayoidai ianze na kitendo. Iandikwe "kuidhinisha malipo", chini yake majina ya wote wanaoweza, na kando ya kila jina njia aliyoipatia: kikundi gani, kupitia kikundi gani, tangu lini, nani alimwingiza. Njia hiyo ni ya lazima. Bila kuijua utamtoa mtu kwenye kikundi kimoja, uamini umemaliza, kumbe ruhusa ileile bado anayo kupitia kingine.

Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka mwaka 1995 baada ya mfanyakazi wake Nick Leeson, kule Singapore, kuachiwa biashara ya soko pamoja na ofisi ya nyuma iliyopaswa kuihakiki biashara hiyo. Hasara ilifika pauni milioni 827. Mamlaka hayo mawili mikononi mwa mtu mmoja ndiyo mkaguzi wetu alikuwa akiyaulizia.

Nitakubali kwamba zana zipo. SAP, programu ya kuendeshea biashara, ina sehemu iitwayo SUIM, ambamo unaweza kumtafuta mtumiaji kwa ruhusa aliyonayo. Business Central, programu ya Microsoft ya aina hiyohiyo, inakuonyesha ruhusa halisi za mtumiaji na seti za ruhusa zinakotoka. Lakini zana isiyofunguliwa mpaka mkaguzi abishe hodi haimlindi yeyote. Nakubali pia kwamba bila vikundi msimamizi wa mfumo angezama katika kazi. Mfumo wa ruhusa kwa majukumu, waliouandika watafiti Ferraiolo na Kuhn mwaka 1992, ulikuja kurahisisha jambo hilo hasa. Kikundi kitumike kugawa ruhusa. Kisitumike kama ushahidi wa nani ana nini.

Akaunti moja ya kuingilia kwenye mfumo kutumiwa na watu kadhaa: ikome. Akaunti ya aliyeacha kazi ifungwe siku anayoondoka.

Kuna mtu ambaye hatajwi kwenye vikao hivi, naye ni karani. Alihamishwa idara, ruhusa za zamani zikamfuata, hajui hata kwamba anazo. Siku fedha zikipotea, jina lake litakuwemo kati ya walioweza kuzichukua, na atahojiwa kwa mamlaka ambayo hakuwahi kuyaomba. Hilo ni jambo zito kumfanyia mtu mwaminifu, na sisi tunaoendesha mifumo ndio tunaomfanyia.

Kwa hiyo ripoti hiyo isiishie kwa watu wa tehama. Wao wanajua nani ana ruhusa. Hawajui nani anastahili kuwa nayo. Mkuu wa fedha aisome jina kwa jina kila robo mwaka na aitie saini. Ambaye sababu yake ya kuwa na ruhusa haielezeki aondolewe siku hiyohiyo, na akiihitaji aiombe upya kwa maandishi.